Macho ya Bibi na Macho ya Mjukuu

Ndugu msomaji mmoja, mfanyakazi wa kiwanda hapa Dar es Salaam, ametuletea barua ya kurasa nne yenye maswali matatu juu ya macho. Kwa kawaida barua za namna hii huzijibu kwa aya moja au mbili. Hii tumeona heri tuipe safu nzima ya juma hili, kwa kuwa maswali yake, ingawa ni ya familia moja, yamo katika nyumba nyingi za mjini na za shamba; na kwa kuwa fedha inayokusudiwa kutumika ni ya ng'ombe, mali ambayo ikishauzwa ni kazi kuirudisha zizini.

Kwao ndugu huyu ni Getanuwas, wilayani Hanang, mkoani Manyara, katika nyanda zile za ngano na malisho. Swali lake la kwanza linamhusu binti yake mwenye umri wa miaka 17, ambaye anasoma kidato cha tatu. Binti huyu amevaa miwani tangu darasa la sita, na kila mwaka vioo vyake vinazidi kuwa vinene. Wenzake shuleni wanamtania. Sasa ameona matangazo katika simu yakisema kwamba kuna upasuaji wa macho kwa miale ya leza, wa dakika chache tu, na mtu akiondoka hapo miwani anaitupa. Ameshika kwamba naye afanyiwe. Kaka yake baba, aliyeko nyumbani Getanuwas, amekubali kuuza maksai wawili ili gharama ipatikane.

Swali la pili linamhusu mwandishi wa barua mwenyewe. Ana miaka 46, na tangu miaka mitatu hivi iliyopita hawezi kusoma gazeti mpaka alinyoshe mbali kwa urefu wa mkono. Anauliza kama naye anaweza kufanyiwa leza hiyohiyo, baba na binti waende kwa mkupuo mmoja.

Swali la tatu limekuja mwishoni kabisa, katika mistari miwili, kama jambo lililokumbukwa wakati bahasha inafungwa. Mama yake mzazi, aliyeko Getanuwas, amepita miaka 70. Mboni za macho yake yote mawili zimekuwa nyeupe. Kwa miaka miwili sasa anatembea akiongozwa na mjukuu wa miaka 9, ambaye humshikia ncha ya fimbo. Ndugu yetu haulizi juu ya hospitali. Anauliza tu kama kuna dawa ya kumdondoshea ili apate nafuu kidogo, maana kwa umri wake, anavyoona yeye, hospitali hawawezi tena kumfanyia lolote.

Tumekiri baina yetu kwamba swali hilo la mistari miwili ndilo tulilolisoma mara nyingi zaidi.

Majibu yetu kwa ufupi ni haya. Binti hajafikia umri wa upasuaji wa leza. Baba, leza hiyo siyo dawa ya ugonjwa wake. Na bibi hajapita umri wa upasuaji. Kwa hakika, katika watu watatu hawa, yeye ndiye anayestahili kupelekwa hospitali kwanza. Hebu sasa tuzieleze sababu moja baada ya nyingine.

Leza hurekebisha nini?

Jicho ni chombo cha kupokea mwanga. Mbele kabisa pana kioo chake kiangavu, ambacho waganga hukiita konea. Unene wa konea katikati yake ni kama nusu milimita tu. Nyuma ya konea, ndani ya mboni, imo lenzi. Na nyuma kabisa pana ukuta laini unaopokea picha na kuipeleka ubongoni, uitwao retina. Ili mtu aone sawasawa, konea na lenzi hazina budi kuukusanya mwanga hadi uangukie juu ya retina barabara. Jicho likiwa refu kupita kiasi, mwanga hukutana kabla ya kufika retina. Mtu huyo huona vya karibu lakini vya mbali humwia ukungu. Hilo ndilo tatizo la binti wa barua yetu. Miwani huusogeza mwanga mpaka mahali pake.

Leza yafanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine: hukichonga kioo chenyewe cha jicho. Mwaka 1983 Dakta Stephen Trokel wa New York na wenzake walichapisha taarifa kwamba aina moja ya leza yaweza kupunguza nyama ya konea kwa vipimo vidogo mno pasipo kuunguza sehemu za jirani. Mwaka 1988 Dakta Marguerite McDonald, naye wa Marekani, aliitumia leza hiyo kurekebisha jicho la binadamu lenye kuona. Katika miaka hiyohiyo Dakta Ioannis Pallikaris wa kisiwa cha Crete, Ugiriki, akabuni njia ya kufunua kwanza utando mwembamba wa konea kama mtu afunuavyo ukurasa wa kitabu, kuchonga chini yake kwa leza, kisha kuurudisha utando mahali pake. Mwaka 1995 Serikali ya Marekani iliidhinisha matumizi ya leza hiyo kwa kurekebisha macho yasiyoona mbali, na tangu hapo mamilioni ya watu duniani wamefanyiwa.

Kwa hiyo si uganga wa uongo. Ni kazi ya kweli, na wengi waliofanyiwa wameridhika. Lakini msomaji na ashike neno moja: leza huchonga. Kinachochongwa hakirudi. Fundi seremala akikata mguu wa meza kabla ya sakafu kusawazishwa, sakafu ikibadilika meza itayumba, na mguu haurefuki tena.

Kwa nini binti angoje?

Jicho la kijana hukua pamoja na mwili wake. Kwa mtu asiyeona mbali, jicho aghalabu huendelea kurefuka katika miaka yote ya shule, ndiyo maana miwani ya binti huyu inabadilishwa kila mwaka. Kwa watu walio wengi mabadiliko hayo hutulia katika miaka ya mwanzo ya 20. Kwa wengine huchelewa zaidi. Ukilichonga jicho la miaka 17 leo kwa kipimo cha leo, jicho litaendelea na safari yake, na baada ya miaka miwili au mitatu binti atarudi kuvaa miwani, akiwa na konea iliyokwisha punguzwa, na kwao hakuna tena maksai.

Kwa sababu hiyo kanuni inayofuatwa ni kwamba upasuaji huu haufanywi kwa mtu aliye chini ya miaka 18, na madaktari wengi hupendelea angoje hadi apite miaka 21. Lakini hesabu ya miaka peke yake haitoshi. Sharti la pili, ambalo kwa hakika ndilo kubwa, ni kwamba namba za miwani ziwe zimetulia kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Kijana wa miaka 19 ambaye namba zake zimetulia yumo karibu na mlango kuliko mtu wa miaka 25 ambaye zake zingali zinapanda.

Kuna masharti mengine ambayo matangazo ya dakika chache hayayataji. Konea lazima iwe na unene wa kutosha, ili baada ya kuchongwa ibaki nguvu ya kulishikilia jicho. Macho makavu huweza kuzidi kukauka. Mwanamke mjamzito au anayenyonyesha hungoja, kwa sababu vipimo vya macho yake huweza kubadilika katika kipindi hicho. Mwenye kisukari kisichotulizwa, au maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, huenda akakataliwa.

Lipo jambo moja ambalo twaomba lizingatiwe sana, kwa kuwa ni la huku kwetu. Watoto na vijana wengi wa Afrika Mashariki wanasumbuliwa na mzio wa macho: macho yanawasha, yanakuwa na rangi ya kahawia au nyekundu, na wao huyafikicha mchana kutwa. Kufikicha huku, miaka nenda miaka rudi, kwahusiana na ugonjwa ambao konea hulegea, huwa nyembamba na kuchongoka mbele mfano wa pia. Ugonjwa huu aghalabu huanza katika umri uleule wa ujana, na mwanzoni mtu huona tu kwamba miwani yake inabadilika mara kwa mara. Konea ya namna hiyo ikipunguzwa kwa leza huzidi kudhoofika na kuchongoka, na uoni ukaharibika vibaya. Ndiyo sababu kabla ya upasuaji hapana budi konea ipimwe umbo na unene wake kwa mashine maalumu. Mahali ambapo mteja hulipa kwanza na kupimwa baadaye si mahali pa kupeleka mtoto.

Basi twamshauri ndugu yetu hivi. Binti apelekwe kwa mtaalamu wa macho, atazamwe kama ana mzio na kama konea yake i salama. Apewe miwani ya kipimo sahihi, yenye fremu anayoipenda. Jambo hilo la fremu si anasa kwa msichana wa miaka 17, maana miwani inayochukiwa huishia ndani ya mkoba, na ubao wa darasani hausomeki kwa miwani iliyo mkobani. Kila mwaka apimwe, na vyeti vyote vya vipimo vihifadhiwe katika bahasha moja. Akifika miaka 21, bahasha hiyo ndiyo itakayosema kama macho yake yametulia. Hapo, kama bado anataka, atakwenda akiwa mtu mzima anayeamua juu ya mwili wake mwenyewe. Ajue pia kwamba leza humwondolea haja ya miwani tu. Jicho lake lenyewe litabaki refu vilevile, na akiona ghafla vimulimuli au kivuli kama pazia, akimbilie hospitali siku hiyohiyo.

Baba na gazeti lake

Ndugu yetu ana miaka 46, na hapa twampa pole ya kirafiki, kwa kuwa linalomsumbua si ugonjwa. Ndani ya jicho, lenzi ya mtoto ni laini. Akitazama karibu huvimba kidogo, akitazama mbali hulala. Miaka inavyokwenda lenzi hukakamaa, na kufikia miaka 40 na kitu haiwezi tena kuvimba vya kutosha kusoma herufi ndogo. Jambo hili humpata kila mtu, awe msomi au mchungaji. Huku shamba watu hulijua kwa alama nyingine: mama anashindwa kutunga uzi katika tundu la sindano, au kushona shanga katika ngozi; baba anashindwa kuona kupe katika sikio la ndama. Uchunguzi uliofanywa wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wa vijijini waliofikia miaka 40 walikuwa na tatizo hili, na lilikuwa likiwapunguzia kazi na raha ya maisha wasiojua hata kusoma.

Sasa, leza tuliyoieleza huchonga konea, nayo konea haina hatia hapa. Haiwezi kuilainisha lenzi iliyokakamaa. Baadhi ya madaktari hulirekebisha jicho moja liwe la mbali na jingine liwe la karibu, lakini si kila mtu huzoea kuishi hivyo, hasa anayesimama mbele ya mashine za kiwanda na kuhitaji kukadiria umbali sawasawa. Na hata kijana anayefanyiwa leza akiwa na miaka 25 atahitaji miwani ya kusomea akifika umri wa ndugu yetu.

Dawa yake, basi, ni miwani ya kusomea, ambayo bei yake haifiki hata mkia wa maksai. Lakini asiinunue tu barabarani na kuishia hapo. Aliyepita miaka 40 aende apimwe pia shinikizo la jicho. Ugonjwa wa shinikizo la jicho huwapata sana watu wa asili ya Kiafrika. Huja kimya bila maumivu, na kinachopotea hakirudi kwa dawa wala kwa kisu. Kipimo chake ni cha dakika chache. Huko ndiko tungependa ndugu yetu azitumie dakika zake.

Bibi wa Getanuwas

Twaja sasa kwa yule aliyetajwa mwisho.

Bila kumwona hatuwezi kuapa kwamba ugonjwa wake ni mtoto wa jicho. Weupe wa jicho waweza pia kuwa kovu juu ya konea, ambalo huachwa na vidonda vya jicho, au na vikope, ugonjwa uliowatesa sana watu wa nchi za wafugaji zenye vumbi na uhaba wa maji, ambapo kope hugeuka ndani na kukikwaruza kioo cha jicho. Vikope navyo vina upasuaji wake, wa kugeuza ukingo wa kope. Lakini mboni nyeupe katika macho yote mawili, katika umri wa miaka 70, baada ya maisha marefu ya jua kali, aghalabu ni mtoto wa jicho, ambaye ndiye sababu kubwa kuliko zote ya upofu duniani na hapa nchini.

Mtoto wa jicho ni ile lenzi yetu ya ndani, ambayo baada ya kukakamaa hatimaye imechafuka, kama kioo cha dirisha kilichopakwa maziwa. Hakuna dawa ya kudondoshea inayoisafisha. Tunalisema hili kwa mkazo, maana dawa za majani na unga zinazotiwa machoni huleta vidonda, na kidonda huweza kuharibu jicho ambalo upasuaji ungeliokoa. Tiba ni moja: kuitoa lenzi chafu na kutia nyingine ya bandia. Lenzi ya bandia ilitiwa jichoni kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1949 na Dakta Harold Ridley, aliyekuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege za kivita vilipoingia katika macho ya marubani havikuyadhuru kama ilivyotazamiwa. Leo kazi hiyo kwa kawaida huchukua muda usiofika saa moja. Mgonjwa mzima hafanyiwi nusukaputi. Jicho peke yake hutiwa ganzi.

Na umri? Hakuna umri ambao mtu huambiwa amepita upasuaji wa mtoto wa jicho. Wanafanyiwa watu wa miaka 70, wa 80 na wa 90. Presha ya damu na kisukari hupimwa na kutulizwa kwanza, lakini miaka yenyewe si kizuizi. Uone basi jinsi mambo yalivyogeuka katika barua hii: aliye mdogo mno kwa upasuaji anauziwa maksai, na aliye katika umri hasa wa upasuaji anaambiwa amezeeka.

Ndugu yetu asidhani kwamba twamlaumu peke yake. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa R. Geneau na wenzake, uliofanywa mkoani Kilimanjaro, kuhusu kwa nini wazee wenye mtoto wa jicho hawaendi kufanyiwa upasuaji hata pale ambapo huduma ipo. Walikuta kwamba jambo hilo halimtegemei mzee peke yake. Linategemea watoto wake, nani atalipa, nani atamsindikiza, na kama jamaa wanaona kwamba mzee ana haja ya kuona. Wazee wengi hawaombi. Hawataki kuwa mzigo. Wanaona fedha ya watoto ni bora iende kwa wajukuu.

Kwa hiyo twamwuliza ndugu yetu: mama amesema kwamba hataki kuona, au amenyamaza tu? Kimya cha mzee si ridhaa. Mama aliyekesha akimlea mtu hadi akapata kazi mjini hawezi kusimama leo na kusema, mwanangu, uza maksai kwa ajili yangu. Neno hilo lapaswa kutoka kwa mwana.

Halafu yupo mtu wa nne, ambaye barua haikumwulizia lolote: yule mjukuu wa miaka 9 anayeshika ncha ya fimbo. Bibi akienda chooni, yeye yupo. Bibi akienda kwa jirani, yeye yupo. Saa ambazo wenzake wako darasani, je, yeye yuko wapi? Mara nyingi upofu wa mtu mmoja mzima huchukua macho ya watu wawili. Bibi akifunguliwa hata jicho moja, ataweza kujua moto uko wapi na kisima kiko wapi, atatambua sura ya anayemwamkia, na yule mtoto ataiacha fimbo na kushika daftari.

Wachanga wasisahauliwe

Kabla hatujafunga, tuongeze neno kwa kina mama wenye watoto wachanga. Mtoto wa jicho huwapata hata watoto wanaozaliwa. Mtoto mchanga akionekana ana doa jeupe ndani ya mboni, au macho yanacheza bila kutulia, hapo umri una maana iliyo kinyume kabisa na ile ya leza. Binti wa miaka 17 anaambiwa angoje. Mtoto mchanga asingoje hata mwezi, kwa sababu ubongo hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo, na usipofundishwa wakati huo huenda usijifunze tena. Utafiti mwingine wa mwaka 2005, juu ya watoto waliofikishwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, ulionyesha kwamba wengi walikuwa wamecheleweshwa kwa miezi mingi na hata miaka. Samaki mkunje angali mbichi.

Maksai wawili

Turudi Getanuwas. Kwa maoni yetu maksai wawili wasiuzwe, angalau wasiuzwe wote. Hatua ya kwanza ni kumpeleka mama hospitali ya wilaya iliyoko Katesh, au Hospitali ya Haydom katika wilaya ya jirani ya Mbulu, ambayo imewahudumia wananchi wa sehemu hizo tangu mwaka 1955, na kuuliza juu ya mtaalamu wa macho na juu ya siku ambazo madaktari wa macho huzuru wilaya. Ikilazimu, ataandikiwa kwenda KCMC. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua kuwa mzee mtu aliyefikia miaka 60, na ilikuwa na lengo la kuwawezesha wazee wasio na uwezo kupata matibabu bila malipo. Ofisi ya kijiji iulizwe juu ya kitambulisho chake kabla ya safari, si baada yake. Hata pale ambapo malipo yanatakiwa, gharama ya kutoa mtoto wa jicho katika hospitali hizi ni ndogo kwa mbali kuliko ya leza. Nauli na chakula cha msindikizaji ndivyo hasa vya kujiandaa navyo.

Anayemsindikiza na awe mtu mzima, asiwe yule mtoto. Atamkumbusha matone ya dawa kwa majuma kadhaa, atamzuia kufikicha jicho na kuinamia moshi wa jikoni, na atamrudisha hospitali siku atakayoambiwa. Kwa kawaida hutangulizwa jicho moja. Likipona, hufuata la pili.

Tena kuna jambo dogo la kumfurahisha binti. Kwa baadhi ya watu waliotolewa mtoto wa jicho, baada ya miezi au miaka hujitokeza utando mwembamba nyuma ya lenzi ya bandia, na uoni ukarudi kuwa na ukungu. Utando huo hufunguliwa kwa dakika chache, bila kisu, kwa miale ya leza ya aina nyingine. Kwa hiyo huenda mtu wa kwanza katika ukoo huo kutibiwa kwa leza akawa si msichana wa kidato cha tatu, bali bibi yake wa Getanuwas.

Twamsihi ndugu yetu aketi na binti yake, amsomee makala hii. Kwa kuwa baba haoni herufi ndogo, pengine binti ndiye atakayemsomea baba. Amweleze kwamba hakunyimwa, ameahirishiwa, na kwamba mlango wake utafunguka katika miaka michache ijayo. Mlango wa bibi uko wazi leo, lakini yeye hana miaka mingi ya kusimama mbele yake. Msichana wa umri huo, akiambiwa ukweli mzima, huelewa kuliko tunavyodhani. Tungependa likizo ya shule ijayo yeye ndiye aende Getanuwas, avae miwani yake, amshike bibi mkono hadi hospitali. Na bandeji ikifunguliwa, iwe sura yake ndiyo ya kwanza kuonekana.

Barua ya pili tutaisubiri.